Bhakti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Upendo kwa Mungu katika Dini ya Kihindu

Ukurasa huu unawahusu Wahindu, yaani wafuasi wa dini ya Kihindu, na si Wahindi wote kwa jumla. Katika Kiswahili cha kila siku maneno hayo mawili huchanganywa mno, ilhali Mhindi anaweza kuwa Mwislamu, Mkristo, Mjaini au Singasinga, na Mhindu anaweza kuwa mzaliwa wa Nepal au wa kisiwa cha Bali ambaye hajawahi kuiona India. Maswali yaliyomo ni yale yanayojitokeza msomaji anaposikia kwamba, kwa Wahindu walio wengi, kiini cha dini ni kumpenda Mungu.

Neno "bhakti" lina maana gani?

Ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya maandiko ya Kihindu, na limetokana na mzizi *bhaj*, ambao maana yake ya awali ni kugawa, kupata fungu na kushiriki. Maana za kuabudu, kutumikia na kupenda zimeota juu ya shina hilo. Katika mzizi huohuo limezaliwa neno *bhakta*, ambalo lina maana mbili: mtu anayempenda na kumwabudu Mungu, na pia chakula kilichogawiwa, hasa wali. Neno *bhat*, ambalo kwa Kihindi na Kibengali ndilo wali hadi leo, ni mjukuu wa *bhakta* hiyo.

Nimeona vyema kuanzia hapo kwa sababu maelezo mengi huichukulia bhakti kuwa hisia inayowaka ndani ya moyo wa mtu mmoja peke yake, wakati neno lenyewe linamtazama mtu kama mshirika: mtu aliyeketi kwenye sinia moja na Mungu na wenzake, mwenye fungu lake pale, na ambaye yeye mwenyewe ni fungu la Mungu. Hata jina Bhagavan, ambalo Wahindu wengi humwitia Mungu, ni la ukoo huo, kwa kuwa *bhaga* ni fungu jema au baraka, na Bhagavan ni mwenye baraka zote. Msomaji akilishika jambo hili la kushiriki, mambo mengi yanayofuata, kuanzia chakula cha hekaluni hadi ngoma za usiku kucha, yatamfungukia bila taabu.

Je, neno "upendo" halitoshi kulitafsiri?

Linatosha nusu ya njia. Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili, na kila moja huchukua kipande chake: "upendo" ni pana lakini halidai utumishi, "mapenzi" na "mahaba" hupeleka fikra kwa wapenzi wawili, "ashiki" ni shauku isiyotulia, na "uchaji" huleta heshima na hofu ya kiasi. Bhakti huyabeba yote hayo kwa pamoja, kisha huongeza kazi ya mikono, kama vile kufagia hekalu, kushona shada la maua na kupika. Ndiyo maana katika ukurasa huu neno limeachwa kama lilivyo.

Anayependwa ni nani, ikiwa Wahindu wana miungu mingi?

Kila mwenye bhakti kwa kawaida ana sura moja ya Mungu ambayo moyo wake umeielekea, iitwayo *ishta-devata*, yaani mungu aliyechaguliwa au anayetamaniwa. Kwa wengine ni Vishnu, hasa katika kushuka kwake duniani kama Rama au Krishna. Kwa wengine ni Shiva. Kwa wengine ni Mungu Mama, aitwaye Durga, Kali au kwa majina mengine mengi. Mwenye kumpenda Krishna kwa kawaida hasemi kwamba jirani yake anayempenda Shiva amepotea. Wengi husema Mungu ni mmoja mwenye majina mengi, wengine husema wa kwao ndiye mkuu na wengine wote ni wahudumu wake, na mjadala huo haujafungwa hata kati ya wanazuoni wao.

Wapo pia walioimba bhakti kwa Mungu asiye na umbo lolote. Kabir, mfumaji nguo wa Varanasi katika karne ya 15, alimpenda Mungu aliyemwita Ram, lakini si yule mwana wa mfalme wa masimulizi, na alizikemea sanamu kwa ukali sawa na alivyoyakemea mazoea ya Waislamu wa mji wake.

Ni maandiko gani yanayoielezea?

Kilicho mashuhuri zaidi ni Bhagavad Gita, mazungumzo ya Krishna na shujaa Arjuna yenye beti 700 katika sura 18. Katika sura ya 12, yenye beti 20 tu, Arjuna anauliza ni nani aliye bora, anayemwabudu Mungu mwenye sura au anayemtafuta yule asiyeonekana wala kuelezeka. Krishna anajibu kwamba wote watamfikia, lakini njia ya asiyeonekana ni ngumu kwa kiumbe mwenye mwili. Kisha anamweleza mtu ampendaye: asiyemchukia kiumbe yeyote, mwenye urafiki na huruma, asiyejivuna, mwenye kusamehe, na ambaye raha na taabu hazimyumbishi.

Kitabu cha pili kwa umuhimu, na kwa wapenzi wa Krishna pengine cha kwanza, ni Bhagavata Purana. Humo mtoto Prahlada, ambaye baba yake alikuwa mfalme jeuri aliyetaka aabudiwe yeye, anaulizwa na baba huyo amejifunza nini chuoni, naye anataja njia 9 za bhakti: kusikia habari za Mungu, kuziimba, kumkumbuka, kuihudumia miguu yake, kumtolea ibada, kumsujudia, kuwa mtumishi wake, kuwa rafiki yake, na kumkabidhi nafsi nzima. Tazama kwamba njia ya kwanza ni sikio. Upo pia mkusanyo mfupi wa semi 84 unaonasibishwa na mwenye hekima Narada, ambao huiita bhakti upendo ulio mkuu kabisa, na husisitiza kwamba tunda lake ni yenyewe: mtu hapendi ili apate kitu kingine baadaye.

Basi anayemwomba Mungu kwa sababu ya shida zake hana bhakti?

Anayo. Bhagavad Gita inawataja watu wa aina 4 wanaomwendea Mungu: mwenye dhiki, mwenye kutaka kujua, mwenye kutafuta mali, na mwenye hekima ambaye hatafuti chochote ila Mungu mwenyewe. Krishna anawaita wote wanne watu wema, ingawa wa mwisho ndiye aliye karibu naye zaidi. Binafsi naona upole mkubwa katika aya hiyo, kwa kuwa haimfukuzi mlangoni mtu aliyekuja kwa ajili ya mtoto mgonjwa au deni.

Upendo huo huchukua sura zipi?

Wanazuoni wa karne ya 16 waliokusanyika Vrindavan, mji unaohusishwa na utoto wa Krishna, walilifikiria swali hili kwa undani kuliko karibu wote waliowatangulia. Walikuwa wafuasi wa Chaitanya, mtakatifu wa Bengal aliyeishi kuanzia 1486 hadi 1534, na mmoja wao, Rupa Goswami, alipanga upendo kwa Mungu katika ladha 5. Ya kwanza ni utulivu wa mtu anayestaajabia ukuu wa Mungu. Ya pili ni ya mtumishi kwa bwana wake, ya tatu ni ya rafiki kwa rafiki, ya nne ni ya mzazi kwa mtoto, na ya tano ni ya mpenzi kwa mpenzi wake. Kwao kila ngazi ilikuwa na ukaribu zaidi ya iliyotangulia, na hofu kidogo zaidi.

Ladha ya nne ndiyo inayowashangaza wengi, kwa sababu humweka Mungu mahali pa mtoto. Katika Bhagavata Purana, Yashoda, mama mlezi wa Krishna, anataka kumfunga mwanawe kwenye kinu kwa kuwa amevunja chungu cha maziwa na kugawia nyani siagi. Kamba inapungua upana wa vidole viwili. Anaunga kamba nyingine, na bado vidole viwili vinapungua. Anaunga zote zilizomo nyumbani, na vidole ni vilevile viwili. Mtoto anapomwona mama yake anatokwa jasho na nywele zimemfumuka, anamhurumia, anakubali kufungwa. Wafafanuzi wa baadaye walisema kidole kimoja ni juhudi ya mwenye kupenda na cha pili ni huruma ya anayependwa, na kwamba Mungu hafungiki mpaka viwili hivyo vikutane. Mwanamke anayempenda Mungu kwa namna hii hamwombi ulinzi. Humpikia, humfunika usiku, humgombeza. Ndivyo ilivyo mpaka leo katika mahekalu ya njia iliyoanzishwa na Vallabha (1479–1531), kama lile la Nathdwara huko Rajasthan, ambako Krishna huamshwa asubuhi, huvishwa kulingana na majira na kulishwa kwa saa zake kama mtoto wa nyumba.

Kwa nini nyimbo nyingi za bhakti ni za kilio na za kuachwa?

Kwa sababu mapokeo haya yaliona kwamba kutengana humfundisha mtu kupenda kuliko kuwa pamoja. Neno lao ni *viraha*. Kisa chake kikuu ni cha wasichana wachunga ng'ombe wa Vrindavan, waitwao gopi, ambao waliisikia filimbi ya Krishna usiku wa mbalamwezi, wakaacha maziwa mekoni na kukimbilia kandokando ya mto Yamuna kucheza naye ngoma ya duara. Kila mmoja alipoanza kuona fahari kwamba amependelewa, Krishna alitoweka. Wakaanza kumtafuta, wakiiuliza miti na maua kama yamemwona, na katika kumtafuta wakajikuta wakiiga mwendo wake na michezo yake, kana kwamba kutokuwepo kwake kumewajaza kuliko kuwepo kwake.

Baadaye Krishna aliondoka Vrindavan moja kwa moja, akamtuma rafiki yake Uddhava, mtu mwenye elimu, awafariji kwa mafundisho kwamba Mungu yumo katika kila kitu na kwa hiyo hakuna kutengana. Uddhava alikwenda kama mwalimu akarudi mwanafunzi. Alipouona upendo wa wanawake wale wa kijijini alitamani angezaliwa hata mmea au kichaka cha Vrindavan, ili vumbi la miguu yao limwangukie. Sidhani kama kuna kisa kingine kinachoeleza wazi zaidi bhakti inavyojiona mbele ya elimu. Haiidharau, lakini haikubali kufarijiwa nayo.

Sauti hiyohiyo imo katika nyimbo zinazonasibishwa na Mirabai, binti wa ukoo wa kifalme wa Rajasthan katika karne ya 16, aliyemhesabu Krishna kuwa mume wake wa kweli na kuiacha nyumba ya wakwe. Masimulizi husema wakwe walimpelekea sumu akainywa isimdhuru.

Je, lugha hii ya wapenzi si ya tamaa za mwili?

Swali hili liliulizwa na Wahindu wenyewe mapema sana. Walimu wa njia ya Chaitanya hutenganisha *kama*, ambayo ni kutaka kujiridhisha nafsi, na *prema*, ambayo ni kutaka yule anayependwa aridhike. Vitendo vya nje vinaweza kufanana kabisa, lakini mwelekeo ni tofauti kama kutoa na kuchukua. Hata hivyo si kila Mhindu anaistahi lugha hii, na wengi huona usalama zaidi katika upendo wa mtumishi, ambao mfano wake ni Hanuman, mtumishi mwaminifu wa Rama.

Mtu humfikia Mungu kwa juhudi yake au kwa neema?

Hapa pana mabishano ya kupendeza kati ya wafuasi wa Ramanuja, mwanazuoni wa India ya Kusini ambaye mapokeo humweka kati ya 1017 na 1137. Wote wanakubali kwamba mtu hujisalimisha kwa Mungu, lakini waligawanyika kuhusu namna. Kundi moja husema mtu ni kama mtoto wa kima: mama ndiye anayeruka kutoka mti hadi mti, lakini mtoto sharti amkumbatie asianguke. Kundi lingine husema mtu ni kama mtoto wa paka, ambaye hafanyi lolote. Mama humbeba kwa mdomo na kumpeleka atakako. Makundi hayo mawili yapo hadi leo, na unaweza kuyatambua kwa alama tofauti zinazochorwa kwenye paji la uso.

Bhakti ilienea namna gani?

Simulizi moja ya Kisanskriti huieleza bhakti kama mwanamke aliyezaliwa nchi ya Watamili, akakulia Karnataka, akaheshimiwa hapa na pale Maharashtra, akazeeka Gujarat, kisha akarudia ujana wake alipofika Vrindavan. Kwa ujumla historia inakubaliana na safari hiyo. Katika karne za 6 hadi 9, katika nchi ya Watamili, watakatifu 12 wa Vishnu waitwao Alvar na watakatifu 63 wa Shiva waitwao Nayanar waliishi, nao ndio wanaohesabiwa kuwa mababu wa bhakti ya nyimbo. Mmoja wa Alvar, Andal, ni mwanamke, na beti zake 30 huimbwa kila mwaka kati ya Desemba na Januari. Husimuliwa kwamba alikuwa akijivisha kwa siri shada la maua lililoandaliwa kwa Mungu kabla ya kulipeleka, na Mungu akalikataa shada jingine lolote.

Jambo lililoipa bhakti miguu ni lugha. Ibada za kale zilikuwa za Kisanskriti, lugha ya makuhani na wasomi. Watakatifu hawa waliimba kwa Kitamili, Kikannada, Kimarathi, Kigujarati na Kibengali, na mwaka 1574 Tulsidas alianza kuisimulia habari ya Rama kwa Kiawadhi, lugha ya watu wa kawaida kaskazini mwa India. Namdev alikuwa mshona nguo, Ravidas mtu wa kazi ya ngozi, Tukaram mwenye duka. Bibi kizee asiyejua kusoma aliweza kuwa na ghala zima la maandiko kichwani mwake, kwa nyimbo.

Je, bhakti iliondoa ubaguzi wa matabaka?

Haikuuondoa, na ni haki kulisema waziwazi. Chokhamela, mwimbaji wa karne ya 14 kutoka jamii ya Mahar iliyohesabiwa najisi, alimpenda Vithoba, Mungu wa hekalu la Pandharpur, maisha yake yote bila kuruhusiwa kuingia ndani. Kaburi lake liko nje, chini ya ngazi. Hekalu hilo lilifunguliwa kwa watu wa jamii kama yake mwaka 1947 tu, baada ya mwalimu Sane Guruji kufunga kula kwa ajili hiyo. B. R. Ambedkar, ambaye mwenyewe alizaliwa katika jamii ya Mahar na baadaye akaongoza uandishi wa katiba ya India, alisema watakatifu walihubiri usawa wa watu mbele ya Mungu, na hawakuhubiri usawa wa mtu na mtu. Katika hotuba yake ya Novemba 1949 alionya pia kwamba bhakti inaweza kuwa njia ya wokovu katika dini, lakini ikielekezwa kwa kiongozi wa siasa huishia kwenye udikteta.

Pamoja na hayo, sikubali kwamba nyimbo zile hazikubadili chochote. Kila mwaka, kati ya Juni na Julai, mahujaji hutembea takriban wiki tatu kutoka miji ya Alandi na Dehu hadi Pandharpur, wakibeba katika machela viatu vya kumbukumbu vya watakatifu Dnyaneshwar na Tukaram, na katika msafara huo watu huinama na kugusana miguu bila kuulizana ukoo. Nyimbo za Chokhamela, aliyezuiwa mlangoni, huimbwa na wote.

Kwa nini wanatumia sanamu?

Kwa Mhindu mwenye bhakti, *murti*, yaani sanamu ya ibada, huwa mahali pa Mungu baada ya ibada maalumu ya kumwalika akae humo, na kabla ya hapo ni jiwe, mti au udongo tu. Katika sikukuu za Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, na za Durga sanamu za udongo huabudiwa kwa siku kadhaa, kisha Mungu huagwa na udongo huzamishwa majini. Wafuasi wa Ramanuja huona hapo unyenyekevu wa Mungu, aliyekubali kuvishwa na kulishwa na mikono ya watu. Kinachotafutwa mbele ya murti huitwa *darshani*, yaani kumwona Mungu na kuonwa naye.

Katika maisha ya kila siku bhakti huonekanaje?

Nyumba nyingi zina pembe au kabati dogo la ibada, ambako asubuhi huwashwa taa na ubani, huwekwa maua na chakula, na jina la Mungu hurudiwa kwa kuhesabu shanga 108, mfano wa tasbihi. Jioni taa huzungushwa mbele ya murti huku watu wakiimba. Hiyo ndiyo *arati*. Chakula kilichotolewa kwa Mungu hurudi kwa watu kikiitwa *prasadi*, yaani fadhila, na hugawiwa kila aliyepo bila kuacha mtu. Ni hapo ambapo maana ya kale ya neno, fungu na wali, huonekana kwa macho.

Kuhusu kinachofaa kutolewa, Krishna anasema katika Bhagavad Gita kwamba hupokea hata jani, ua, tunda au maji, kikitolewa kwa upendo. Masimulizi yanayopendwa sana yanamtaja Shabari, mwanamke maskini wa msituni aliyemsubiri Rama miaka mingi. Rama alipofika, Shabari alimpa kunazi, lakini aliionja kila moja kwanza ili asimpe yenye uchungu. Kwa desturi ya Kihindu, chakula kilichogusa mdomo hakitolewi kwa Mungu kamwe, lakini Rama alizila zote.

Je, bhakti ipo Afrika Mashariki?

Ipo, na kwa sehemu kubwa inazungumza Kigujarati. Wafanyabiashara kutoka Gujarat na Kutch walifika Zanzibar na Mombasa muda mrefu kabla ya wajenzi wa reli ya Uganda, waliokuja kati ya 1896 na 1901. Wengi wa Wahindu wa huku ni wafuasi wa njia zilizoota Gujarat, ikiwemo ya Swaminarayan (1781–1830), ambayo ilifungua hekalu lake la mawe na mbao za kuchongwa Nairobi mwaka 1999. Wakati wa sikukuu ya Navaratri, katika miji kama Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala, wanawake kwa wanaume hucheza *garba* kwa usiku 9 wakimzunguka Mungu Mama. Wimbo wa Narsinh Mehta, mshairi wa karne ya 15, ambao Gandhi aliupenda sana, unajulikana pia katika nyumba zao. Unasema mtu wa Mungu ni yule anayeyajua maumivu ya mwenzake, na akimsaidia haruhusu majivuno kumwingia moyoni.

Asiye Mhindu anaweza kuhudhuria ibada?

Katika mahekalu mengi ya Afrika Mashariki anakaribishwa, ingawa nchini India yapo machache yanayowaruhusu Wahindu pekee. Mgeni huvua viatu mlangoni, huvaa mavazi ya heshima, hukaa sakafuni pamoja na wengine na hapigi picha bila ruhusa. Halazimiki kuinama mbele ya murti. Akipewa prasadi huipokea kwa mkono wa kulia, na ikiwa imani yake haimruhusu kula chakula kilichotolewa kwa miungu, anaweza kusema hivyo kwa upole.